Kisa cha mzunguko wa Chemelil: barabara tupu kwa ramani, imejaa Jumamosi

Watu sita wa ofisi moja hapa Kisumu waliamua kuanza kunyonga baiskeli pamoja wikendi, wakachagua njia yao ya kwanza kwa simu. Hawakuwa wanataka makubwa: lami, tambarare, mashamba pande zote, magari machache, na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Ramani ikawapa mzunguko mzuri kwa macho. Kutoka mjini hadi Mamboleo, kuingia kulia kuelekea Miwani na Chemelil, kukata kwenda Awasi, kutokea Ahero, kurudi mjini. Karibu km 90. Waliondoka Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi wakicheka, wakarudi jioni giza likikaribia, watatu kwa baiskeli, wawili wamepanda matatu pale Ahero na baiskeli zimefungwa juu kwa keria, mmoja kwa pikapu ya mtu wa nyanya aliyemhurumia. Hakuna aliyeumia vibaya, mmoja tu alichubuka kiwiko na goti. Lakini yule madam mwenye wazo lenyewe aliandika kwa grupu yao kwamba baiskeli yake inauzwa, na hakuwa anacheza.

Mimi nililetewa hii stori na kijana mmoja kati yao ambaye huwa ananiletea baiskeli nimkazie breki. Akaniambia, "Mzee, hebu tuambie shida ilikuwa wapi, juu kwa ramani hiyo barabara haina magari." Nikakaa nao jioni moja tukapitia kila kitu, saa walizofika kila mahali, picha, hata ile rekodi ya simu inayoonyesha spidi. Na kwa kweli hawakufanya ujinga wowote wa kuchekwa. Helmeti walikuwa nazo, tyubu ya spea walibeba, maji walibeba ingawa kidogo, na njia yenyewe ni mojawapo ya nzuri kabisa ukitokea Kisumu. Kilichowamaliza ni saa na siku, pamoja na upande waliouanzia. Watu hutafuta barabara tulivu kana kwamba utulivu umemwagwa pamoja na lami, kumbe ile ile barabara saa kumi na mbili na nusu asubuhi Jumapili na saa tisa mchana Jumamosi ni barabara mbili tofauti kabisa, na ramani haikuonyeshi hiyo.

Wacha nianze na uzuri wake, ndio ieleweke kwa nini sikuwaambia waiache.

Uwanda wa Kano umelala kati ya ukuta wa milima ya Nandi upande wa kaskazini na nyanda za juu za Nyabondo upande wa kusini, mto Nyando unapita katikati, na barabara ya Miwani inatembea ukingoni chini ya ule ukuta wa Nandi. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, na ukifika Chemelil hujapanda zaidi ya mita mia na kitu, imesambazwa kwa kilomita arobaini hivi, mguu hata hauhisi. Na kuna sababu. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na ilishuka kutoka Fort Ternan ikapita Muhoroni, Kibigori, Miwani, Kibos mpaka ziwani. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hivyo wale mainjinia walitafuta mahali ardhi inajishusha yenyewe polepole, na barabara ikaja baadaye ikafuata ule mstari. Hiyo ndiyo hila yangu ya kwanza nikimtafutia mtu njia laini popote: naangalia reli ya zamani inapita wapi, halafu barabara gani iko karibu nayo. Hata upande wa Nakuru inafanya kazi. Ile ya Njoro, Elburgon, Molo inapanda kweli, lakini inapanda taratibu kwa sababu inaenda na reli, na zaidi ya hayo inakuepusha na Salgaa na Sachangwan, mahali kwenye hailwei ambapo hakuna mtu mwenye akili anapeleka baiskeli.

Pia ni barabara ya kuangalia vitu. Miwani ndiko kiwanda cha kwanza cha sukari Kenya kilianzishwa, 1922, na sasa kimenyamaza kwa zaidi ya miaka ishirini, mabati yamekuwa rangi ya chai. Miwa bado iko kila mahali, mirefu kuliko mtu, inasimama karibu na lami pande zote. Hii miwa kumbuka, tutairudia, kwa sababu ni nzuri ukiwa peke yako na ni mbaya ukiwa na mwenzako kwenye kona.

Sasa kilichotokea.

Kwanza saa. Huku kwetu jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, mbele kidogo ama nyuma kidogo kutegemea mwezi, na masaa mawili ya kwanza baada ya hapo ndiyo dhahabu ya baiskeli: hewa ni baridi, trakta bado ziko shambani, matatu bado zinaita watu steji. Wao waliyalala. Sababu yao naielewa, Jumamosi ni siku ya kupumzika, mtu ametoka kazini Ijumaa usiku anataka kulala kidogo. Lakini kutoka mjini saa mbili na nusu, kupita Kondele na foleni yake, kufika Mamboleo tatu kasoro, inamaanisha ile sehemu tulivu wameianza ikiwa tayari inachangamka, na sehemu mbaya wataikuta saa mbaya zaidi.

Halafu upepo, na hii ndiyo ilinifanya nicheke kidogo nilipoangalia ile rekodi ya spidi. Hapa Kisumu upepo una zamu mbili. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hewa inateremka kutoka milimani kwenda ziwani, na asubuhi mapema bado unausikia, upepo mwepesi unaotoka mashariki. Jua likishachoma ardhi mambo yanageuka, hewa inatoka ziwani kuingia bara, na kufikia saa sita saba mchana imeshika nguvu, unaona mitende imelala upande mmoja. Wavuvi wenye tanga wanalijua hili tangu mababu zao, wanatoka na upepo wa usiku na kurudi na wa mchana. Sasa angalia hawa watu wangu: asubuhi walielekea mashariki, mchana wakageuka magharibi. Walipigwa na upepo usoni wakienda, halafu wakapigwa usoni wakirudi. Kwenda haukuwa na shida, ni upepo wa kubembeleza tu, walifanya kama km 19 kwa saa. Kutoka Awasi kuja Ahero, mahali ambapo hakuna mlima wa maana, rekodi inaonyesha km 12 kwa saa, na walidhani ni kwa sababu hawana mazoezi. Madam aliniambia alikuwa anaangalia tairi kila mara akidhani limeisha upepo. Tairi lilikuwa sawa.

Ongeza jua la saa saba. Kano ni chini, joto linafika nyuzi 30 bila kujaribu, na mtu alibeba chupa moja ya nusu lita. Hapo sitaongea sana, kila mtu anajua.

Kitu kingine ni trela za miwa. Kutoka Miwani kuelekea Chemelil, na zaidi kipande cha Chemelil kwenda Awasi, walianza kukutana nazo kuanzia saa tano. Kama hujawahi kupitwa na trela la miwa ukiwa kwa baiskeli, mwendo wake si tatizo, trakta iko polepole. Tatizo ni upana. Miwa imepangwa kulala, lakini kila trela lina vijiti vimechomoza kando, vingine urefu wa mkono mzima, na viko sawasawa na usukani wako. Dereva wa trakta anaangalia mbele, hajui nyuma kuna nini, injini inapiga kelele na minyororo inagonga, hata ukipiga kengele ni kazi bure. Ukiwa peke yako unashuka kando unamngoja apite. Ukiwa sita kwenye mstari mmoja mrefu mmebanana, wa mbele anashuka, wa tatu anafunga breki, wa nne anamgonga. Na nyuma ya trakta kuna probox inayotaka kuovateki, dereva haoni mbele kwa sababu miwa imefunika kona.

Yule aliyeanguka hakugongwa na chochote. Trela zikipita zinaangusha miwa, magari yanaikanyaga mpaka inakuwa kama mkeka, nyuzi nyuzi zimelala juu ya lami, na ikishikana na tope ambalo trakta zinatoa nalo shambani, ule udongo mweusi wa Kano unaonata, inateleza kuliko sabuni. Alikanyaga hapo akiwa anapinda kidogo na breki ya mbele amebonyeza. Akaenda chini kwa upande. Ushauri wangu hapo ni mmoja: ukiona mkeka wa miwa usifunge breki juu yake na usipinde juu yake, nyoosha usukani uupite, ama ushuke utembee, hakuna aibu.

Kabla ya hapo kulikuwa na pancha, karibu na Miwani. Pancha ni kitu kidogo, lakini hii iliwala karibu saa nzima na inastahili kuelezwa. Kijana alikuwa na baiskeli ya mbio ya mtumba, tairi nyembamba, milimita 23, nzuri kwa lami ya kioo. Mwiba ukaingia. Tyubu ya spea ikawekwa, sawa, halafu pampu yao ndogo ikakataa, ilikuwa imekauka ndani. Wakatembea mpaka kwa fundi aliyekaa chini ya mti na karai lake la maji na kompresa ya pikipiki. Kompresa inafanya kazi vizuri tu, shida ni mdomo wake umetengenezwa kwa valvu nene kama ya gari, na baiskeli ya mbio ina ile valvu nyembamba yenye kiskrubu kichwani. Haziingiliani. Fundi akajaribu kufunga na mpira, upepo ukatoka wote pembeni. Kilichowaokoa ni mwanafunzi mmoja alipita na baiskeli yake nyeusi ya keria, na pampu ya mguu ya zamani ambayo mdomo wake ulishika. Dawa ya hii kitu ni kikofia kidogo cha shaba, kama ukubwa wa kucha, unakiskrubu juu ya valvu nyembamba na inakuwa nene, basi kompresa yoyote ya boda inakuhudumia. Bei yake ni kama ya soda. Funga kimoja chini ya kiti ukisahau huko. Na kwa njia za huku, mwenye baiskeli ya mbio aweke tairi nene zaidi kama fremu inakubali, 28 au 32, asijaze mpaka ikawa jiwe. Mimi huwaambia watu hivyo na wananiangalia kana kwamba nawauzia.

Sasa tuingie kwa kitu ambacho ramani haiwezi kukuonyesha hata siku moja, na ndicho nilitaka hasa kuandika. Jumamosi.

Huku kwetu Jumamosi ni siku ya mazishi. Mwili unatoka mochari Ijumaa, unafika boma jioni, watu wanakesha, Jumamosi wanazika, wanakula, halafu kuanzia saa nane tisa wote wanataka kurudi mjini kwa wakati mmoja. Barabara ya mashambani ambayo siku zingine ina boda mbili na ng'ombe inajaa ghafla matatu za kukodi, magari ya kibinafsi ambayo dereva hajui hiyo njia, boda zimefunga matawi zikipiga honi mfululizo. Watu wamechoka, wamekaa juani siku nzima, wengine wamekunywa. Hawa wenzangu waliingia kipande cha Awasi saa nane na robo. Walikutana na misafara miwili ikirudi. Madam anasema matatu moja ilimpita karibu mpaka kioo cha pembeni kikamgusa mkoba wa mgongoni, na makanga akatoa kichwa akamwambia "Mama, rudi nyumbani!" Hapo ndipo aliamua baiskeli inauzwa, sikiza vizuri, haikuwa milima na haikuwa joto.

Mtu mmoja kati yao akasema kwani wangejuaje. Ungejua, bwana, kwa sababu wewe mwenyewe unaenda matanga Jumamosi! Wote sita wameshawahi kuwa ndani ya hizo matatu. Hawakuunganisha tu, kwa sababu mtu akishavaa helmeti anaanza kufikiria kama mgeni kwa barabara yake mwenyewe.

Na mwisho Ahero hadi Kisumu, karibu kilomita 24 za hailwei. Hapo sina utani. Ni barabara ya malori yanayoenda na kutoka Uganda, magari ya Kericho na Nairobi, na pale Ahero inapokea pia ya Kisii na Isebania. Sheria inasema matatu na malori yasizidi km 80 kwa saa na mahali pa maduka 50, na wewe simama dakika tano kando ya hiyo barabara uone. Mimi nikipanga njia ya watu wasio na mazoezi naipima kwa kipande chake kibaya kabisa, na hii ilikuwa na kilomita 66 nzuri ama za wastani halafu 24 za kuogofya, na hizo 24 zimewekwa mwisho, wakati mguu umekwisha, akili imechoka, upepo uko usoni na jua la jioni linakuangalia moja kwa moja kwa sababu unaelekea magharibi. Dereva anayekuja nyuma yako pia linamchoma macho. Simu ilipenda huo mzunguko kwa sababu unafunga vizuri, unaanza na kuishia mahali pamoja bila kurudia njia. Nani alisema ni lazima njia ifunge?

Kwa hivyo tulifanya hivi. Tulichukua kipande kizuri peke yake, tukakigeuza, tukakihamishia Jumapili.

Pikapu ya kukodi ikapakia baiskeli saa kumi na moja alfajiri, blanketi katikati ndio zisichubuane, na watu wakaenda Muhoroni. Walishuka hapo, wakanywa chai na chapati kibandani, wakaanza kunyonga mara tu kulipopambazuka vizuri, sio kabla. Hiyo ya "sio kabla" nilibishana nayo na yule kijana, alitaka kutoka Kisumu saa tisa usiku kwa baiskeli akutane nao huko. Nilikataa kabisa, usiku kwenye njia ya miwa kuna trakta zimebeba mzigo na hazina taa hata moja nyuma, unaiona ukiwa umeshafika.

Muhoroni iko juu ya Kisumu kwa zaidi ya mita mia, kwa hivyo sasa ule mteremko mdogo unakuwa wao, km 50 hivi mpaka Mamboleo. Ule upepo mwepesi wa asubuhi unatoka mashariki, uko mgongoni. Jua liko mgongoni. Hapo kwa jua kuna angalizo moja, ukielekea magharibi asubuhi wewe unaona vizuri lakini anayekuja mbele yako linamwingia machoni, na yeye ndiye anaweza kuovateki akuingilie upande wako bila kukuona, kwa hivyo taa ya mbele iwake hata kama ni mchana na nguo iwe ya rangi inayopiga kelele. Miwa Jumapili inapungua barabarani, haiishi. Walihesabu trela nne njia nzima, Jumamosi ile waliacha kuhesabu.

Mpango wa barabarani tuliubadilisha pia. Badala ya sita kwenye mkia mmoja, wawili wawili wakiwa wamefuatana, na kati ya jozi na jozi nafasi ya kutosha gari kuingia. Gari likitaka kupita linapita wawili, linarudi upande wake, linangoja, linapita wawili wengine. Dereva hana sababu ya kukasirika na hana sababu ya kubahatisha. Na madam akawekwa mbele, sio nyuma. Hii watu hukosea sana, mwenye mwendo mdogo akiwekwa nyuma anabaki, anajikaza, anachoka mara mbili na kila wenzake wakisimama kumngoja wao wamepumzika yeye ndio anafika, wanaondoka. Akiwa mbele, mwendo ni wake.

Walifika Mamboleo kabla ya saa nne, na simama zote zimo. Kituo cha kwanza Chemelil, cha pili mahali wanauza miwa iliyochunwa na sukari guru, ambayo kwa baiskeli ni chakula kizuri kuliko hizo biskuti za kununua, unavunja kipande unatia mdomoni kinakaa kikiyeyuka. Watoto wa njiani waliwakimbiza wakiimba, mmoja kwa baiskeli kubwa ya baba yake, hawezi hata kufikia kiti, amepitisha mguu chini ya paipu, na akawapita. Wote sita. Akiwa na mtungi wa maji nyuma.

Wakaishia Mamboleo kwa makusudi, pale karibu na uwanja wa michezo, pikapu ikawapokea. Kuingia mjini Jumapili ni kupita Kondele kwenda Kibuye, na soko la Kibuye Jumapili ndiyo siku yake, mikokoteni, malori ya viazi na kabichi, watu wamemwagika mpaka barabarani. Kumaliza safari nzuri kwa kupigania nafasi na mkokoteni ni kuharibu chakula na chumvi dakika ya mwisho.

Kuna mambo nilipingwa, na mengine nakubali. Pikapu ni pesa. Wakigawana sita si mbaya, lakini kila Jumapili itauma, na kuna mtu alisema kwa nini asitumie hiyo hela kwa mafuta aende na gari lake tu. Jibu langu ni kwamba matatu za asubuhi za Muhoroni nazo zinabeba baiskeli juu ukielewana na makanga vizuri, ila ukipanda na sita kwa mpigo hakuna atakayekubali, ukiwa wawili inawezekana. Pia barabara yenyewe inabadilika. Hii ya Mamboleo hadi Muhoroni ilikaa miaka mingi na mashimo kabla ya kuanza kutengenezwa upya, na barabara inayotengenezwa ina daivashoni na vumbi, leo kipande hiki, kesho kile. Usimwamini aliyepita mwaka jana, hata mimi usiniamini, piga simu kwa mtu wa boda wa hapo hapo jioni ya kabla.

Na mvua. Mwezi wa tatu hadi wa tano sipeleki mtu mgeni huko mchana. Ule upepo wa ziwani ukipanda unakutana na hewa ya mashariki pale pale juu ya Nandi na Kericho, ndiyo maana kule mvua ya mawe inapiga majani chai alasiri, na maji yote yanateremka kuja Kano. Asubuhi kunaweza kuwa kweupe kabisa. Kufikia saa tisa ukiona ule ukuta wa Nandi umekuwa mweusi, baiskeli iwe imeshapakiwa.

Yule kijana bado anasema kubebwa na pikapu ni kudanganya, na anataka kutoka Chemelil apande Nandi Hills, ambako ni karibu mita 2,000. Aende, ni mlima mzuri na lami ipo, lakini hiyo ni stori nyingine na si ya hili kundi, na madam amemwambia hivyo kwa lugha ya ofisi.

Yeye madam, tangazo la kuuza baiskeli alilifuta, na sasa ndiye ananiuliza kuhusu upande wa pili, barabara ya Bondo. Nilimwonyesha kitu kwa ramani akafurahi mwenyewe kabla sijamaliza. Ukienda magharibi, ile zamu ya upepo inakuwa rafiki yako mara mbili: asubuhi unatoka na upepo wa nchi kavu mgongoni, ukirudi baada ya saa tano upepo wa ziwani unakusukuma nyumbani. Jua pia, kwenda liko nyuma na kurudi likishapita utosini linakuwa nyuma. Mpaka kwenye mawe ya Kit Mikayi ni kama km 30 kutoka mjini. Hasara ni mbili. Njia ina vilima vidogo vidogo vya kupanda na kushuka, haijalala kama Kano, na kutoka mjini hadi Kisian uko na malori ya Busia. Kwa hivyo nimemwambia waanzie Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ya Busia, malori yakienda zao Maseno. Mmoja ana shemeji hapo mwenye ploti ya kuacha magari. Jumamosi wameshakubaliana hawataki kusikia, kwa hivyo ni Jumapili tena, na waliobaki kujadiliana ni wale wawili wa kwaya ambao kanisa lao linaanza saa nne.